Njia zisizotokea: namna mji wa Unguja unavyotanuka kuelekea shamba

#1 – Mkaazi wa Kinuni (mleta uzi)

Assalaamu alaykum ndugu zangu.

Naomba nianze na jambo lililotokea mtaani kwetu. Mwezi wa Rajab tulifiwa na jirani, mzee aliyekuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuhamia upande wetu, wakati minazi bado ni mingi kuliko nyumba. Jeneza lilipotolewa ndani, waliolibeba walikwenda hatua thelathini hivi, wakafika penye kona baina ya kuta mbili za matofali, na pale jeneza halikuweza kupinda. Upana wa kona ile, niliupima baadaye kwa tepu, ni mita moja na sentimita kumi. Kulilaza ubavu kusingekuwa heshima kwa maiti, basi likapitishwa juu ya ukuta, vijana wanne wakilisukuma upande huu na wanne wakilipokea upande wa pili, na mtoto wa marehemu ameshika pembe ya shuka isipeperuke. Msikiti wenyewe uko nyuma ya nyumba yake, na ukikaa barazani kwake unamsikia imamu akisoma. Hata hivyo ilitubidi tutoke mpaka barabara kuu, tuifuate, kisha tuingie tena ndani kwa upande mwingine, kwa sababu baina ya nyumba ile na msikiti hakuna njia inayotokea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikitazama njia kabla ya kutazama nyumba, na ninayoyaona ndiyo yaliyonifanya nifungue uzi huu.

Tuanze na hesabu ya watu. Kwa sensa ya 2012, Wilaya ya Mjini ilikuwa na watu 223,033, na kwa sensa ya 2022 ilikuwa na watu 219,007, yaani wamepungua. Wilaya ya Magharibi, ambayo katikati ya sensa hizo mbili iligawiwa kuwa Magharibi A na Magharibi B, ilikuwa na watu 370,645 mwaka 2012, na mwaka 2022 wilaya hizo mbili kwa pamoja zilikuwa na watu 674,162. Kwa miaka kumi, basi, mji umeongeza watu karibu laki tatu, na ongezeko lote limekwenda nje: Fuoni, Kinuni, Kwarara, Tomondo, Kisauni, Chukwani, Kihinani, Mtopepo, Mwera. Mashamba ambayo wazee wetu walikuwa wakisema "nakwenda shamba" kuyafikia, leo ni mitaa.

Mimi sisemi kwamba kutanuka ni kosa. Watu wanazaliwa, wanaoa, wanahama kutoka Pemba na kutoka bara, na kila mmoja anahitaji pa kuweka kitanda. Shida yangu ni mpangilio wa mambo: nyumba inatangulia, njia inafuata, na inapofuata inakuta nafasi imekwisha. Kila mnunuzi anahakikisha kwamba yeye anafika kwake, na hakuna anayehakikisha kwamba anayepita kwake anaweza kuendelea mbele. Tunapata njia zilizo kama matawi ya mti, kila tawi likigawanyika na kila kitawi kikiishia kwenye ukuta wa mtu, na ili uende kwenye tawi la jirani ni lazima urudi mpaka kwenye shina.

Nikilinganisha na Mji Mkongwe nastaajabu. Vichochoro vya Malindi au Shangani ni vyembamba, na vingine gari haliingii kabisa, lakini ukiingia upande wa Forodhani utatokea Darajani, utapotea kidogo, utaulizia, kisha utatokea. Ukikuta mkokoteni umeziba kichochoro kimoja unashika cha pili. Huku kwetu nyumba zimeachana zaidi na anga inaonekana, lakini gogo moja la mnazi likianguka njiani mtaa mzima umefungwa. Ndiyo maana nimefikia kuamini kwamba tumekosea swali. Tunauliza njia ina upana gani, na ilitupasa kwanza kuuliza inatokea wapi.

Ningependa kuwasikia wenye ujuzi na wenye kumbukumbu: hii njia alipaswa kuiacha nani, na lini?

#2 – Bibi wa Kikwajuni

Waalaykum salaam mwanangu, na poleni kwa msiba wenu. Mungu amlaze mahali pema.

Mimi nimezaliwa Kikwajuni kabla ya Mapinduzi, na nitasema ninayoyakumbuka. Ng'ambo, yaani upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, wakati ule watu wengi walijenga juu ya ardhi isiyokuwa yao. Chini palikuwa pa mwenye shamba au pa wakfu, na mwenye nyumba alilipa kodi ya ardhi. Chake kilikuwa kuta, makuti na mlango. Kwa fikra yangu hili lilikuwa na faida moja ambayo hatukuijua mpaka ilipotoweka: mtu hawezi kuzungushia ukuta ardhi ambayo si yake. Baina ya nyumba na nyumba palibaki upenyo wa maji ya mvua, wa mtu mwenye mtungi, na wa jeneza pia. Sisi wanawake tulikuwa na njia zetu za nyuma, uwani kwa uwani, ukitoka kwa shangazi mpaka msibani bila ya kukanyaga barabara ya mbele. Njia hizo hazikuandikwa kwenye ramani yoyote, na kila mtu alizijua.

Baadaye yalikuja maghorofa ya Michenzani, na barabara mbili pana zinazokutana pale kwenye mzunguko. Nyumba nyingi za udongo zilivunjwa kuyapisha. Waliopata nyumba za ghorofa zenye maji na umeme walishukuru, na mimi nina ndugu waliolelewa humo. Lakini aliyezoea kupita uwani aligeuka kuwa mtu wa kuvuka barabara pana yenye magari.

Nakusahihisha jambo moja, mwanangu, kwa mapenzi. Mji Mkongwe nao una vikomo. Viko vichochoro vinavyoishia kwenye mlango wa ukoo mmoja, na vilikusudiwa hivyo, kwa sababu watu walitaka stara na watoto wacheze bila ya wapita njia. Kikomo kifupi, chenye nyumba tatu au nne za watu wanaojuana, si ubaya. Ubaya ni mtaa mzima kuwa kikomo.

#3 – Msaveya mstaafu

Nimeipima ardhi ya kisiwa hiki kwa miaka mingi, na swali la mleta uzi linanigusa kwa sababu nimelibeba kifuani kwa muda mrefu.

Nianze na chanzo, kwani bila ya chanzo tutalaumiana bure. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi yote ilitangazwa kuwa ya umma, na kuanzia 1965 wakulima waligaiwa mashamba ya eka tatu tatu ili walime. Sheria ya Umilikaji Ardhi namba 12 ya 1992 iliendeleza msingi huo: eka tatu ni ya kulima, na haikukusudiwa kukatwa vipande na kuuzwa viwanja vya nyumba. Mji ulipozifikia eka hizo, mwenye eka alikuta muhogo wake wa mwaka mzima haufikii thamani ya kiwanja kimoja. Akauza. Kwa kuwa uuzaji huo haukuwa na mlango wa kisheria, ulifanyika kwa karatasi ya mkono mbele ya mashahidi, na kwa kuwa hapakuwa na mlango hapakuwa na msaveya, na pasipo msaveya hakuna anayechora njia. Watu husema wakaazi wamejenga bila ya mpango. Mimi nasema mpango uliwafungia mlango, nao wakajenga nje ya mlango.

Mipango yenyewe hatukuikosa. Mji huu ulichorewa mpango na Lanchester mwaka 1923, ukachorewa mwingine na Kendall mwaka 1958, wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki wakaleta wao mwaka 1968, na Wachina wakaleta wao mwaka 1982. Ambako serikali ilipima viwanja kwanza kisha ikagawa, kama sehemu za Mpendae na Mombasa, hadi leo unaiona tofauti kwa macho: njia zinakutana. Lakini kasi ya kupima haikuwahi kuifikia kasi ya kuuza.

Sasa nije kwenye kipimo. Wataalamu wa mitandao ya njia wana njia rahisi ambayo kila mmoja wetu anaweza kuitumia mtaani kwake. Chukua ramani, hesabu vipande vya njia, kisha hesabu nukta, yaani makutano yote pamoja na vikomo vyote. Gawanya vipande kwa nukta. Mtaa wenye umbo la mti utakupa jibu lililo karibu na moja. Mtaa wenye njia zilizoungana vizuri utakupa 1.4 au zaidi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makaazi nalo limetoa viwango vyake: kila kilomita moja ya mraba ya mji iwe na njia zisizopungua kilomita 18, makutano baina ya 80 na 100, na njia zote kwa jumla zichukue asilimia 30 ya ardhi.

Viwango hivyo vinapotajwa, watu husema ni vya nchi tajiri. Naomba mnifuate katika hesabu moja ambayo naipenda kuliko zote nilizowahi kuzifanya. Eka moja ni mita za mraba 4,047, kwa hiyo eka tatu ni kama 12,100, ambayo ni mraba wa mita 110 kwa mita 110. Tuseme kila mwenye eka tatu, kabla ya kuuza kiwanja cha kwanza, ameacha njia mbili tu zinazokatana katikati ya shamba lake, moja kwenda na nyingine kukatisha, na zote zimekutana na za majirani zake. Njia zitakuwa zimeachana mita 110 kila upande. Katika kilomita moja ya mraba tutapata kilomita 18 za njia na makutano 82. Ni viwango vile vile vya Umoja wa Mataifa, vimo ndani ya eka zetu wenyewe!

Na gharama yake? Njia mbili za upana wa mita sita ndani ya eka tatu zinakula kama mita za mraba 1,280, karibu asilimia 11. Kwa viwanja vya mita 15 kwa 20 hivyo ni viwanja vinne katika arubaini. Asilimia iliyobaki ya kufikia 30 ni ya barabara kubwa, na hizo ni kazi ya serikali, si ya mwenye eka.

#4 – Mwenye eka

Nimeisoma hesabu ya msaveya mara mbili, na naiheshimu. Nami naomba nisikilizwe, kwa sababu katika mazungumzo ya namna hii wauzaji hutajwa lakini hawaulizwi.

Marehemu baba yangu aligaiwa eka zake tatu akazilima muhogo na ndizi mpaka alipofariki. Sisi watoto tuko saba. Tulianza kuuza mwaka mama alipougua, na tulianza na kiwanja kimoja, kile cha mbele, karibu na barabara. Hatukujua kwamba tutauza cha pili. Hivi ndivyo eka inavyokwisha: inauzwa kipande kwa kipande, kila kipande na haja yake, hiki cha matibabu, hiki cha ada, hiki cha harusi. Mtu anayeuza hivyo hana siku ambayo amekaa na kalamu akachora shamba zima.

Pamoja na hayo, njia niliiacha. Niliiacha ya upana wa gari, kutoka barabarani mpaka mwisho wa shamba letu, kwa sababu mjomba wangu aliniambia kiwanja kisicho na njia hakina bei. Njia yangu ilifika mpaka kwenye mpaka wa jirani ikafia hapo. Jirani alikuwa ameshauza kona ile, na mnunuzi wake alikuwa ameshapandisha ukuta. Mwaka mmoja baadaye mnunuzi wa kiwanja changu cha mwisho aliona njia iliyo mbele yake haina mpitaji, akaitia ndani ya uwa wake akapanda mipapai, na hakuna aliyemzuia kwa sababu hapakuwa na karatasi inayosema pale ni njia. Mimi mwenyewe nilikwenda kumwambia, akanijibu kwa adabu kwamba njia isiyokwenda popote si njia.

Kwa hiyo viwanja vinne si vinavyoniuma. Nimevitoa. Kinachouma ni kuvitoa peke yangu.

#5 – Dereva wa gari la karo

Mchango wangu ni mfupi. Kazi yangu ni kunyonya makaro ya vyoo, na mipira ninayobeba ina urefu wake. Nikisimama barabarani na karo liko ndani kuliko mpira, siwezi kufika. Ziko nyumba nyingi Magharibi A na B ambazo nimepigiwa simu, nimekwenda, nimegeuza, na mwenye nyumba ameishia kuchimba karo la pili pembeni ya la kwanza. Nyumba ya jirani ina kisima. Ninyi mnaweza kumalizia wenyewe. Na zimamoto nao wana gari kubwa kuliko langu.

La pili ni foleni. Asubuhi watu wa ndani wote, awe anakwenda mjini au anakwenda skuli iliyo nyuma ya nyumba yake, wanamwagika kwenye barabara ile ile ya Fuoni kuelekea Mwanakwerekwe, kwa sababu hakuna njia ya ndani ya kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Barabara ya juu ya Mwanakwerekwe ni msaada, sikatai, lakini inasaidia pale makutanoni. Haiwezi kumsaidia mtu ambaye hakuwa na haja ya kufika makutanoni kabisa.

La tatu, masika. Maji hufuata yale yale mapito ambayo watu walikuwa wakipita. Palipojengwa ukuta hayapiti, yanakaa.

#6 – Kijana wa Chake

Nasoma uzi huu nikiwa Chake Chake, na nimeingiwa na hofu ya kweli. Kwa sensa ya 2022 Pemba yote ina watu 543,441, kwa hiyo sisi hatujafika mlipofika. Lakini nikitoka mjini nikapita Machomanne mpaka Gombani, naona viwanja vikiuzwa nyuma ya nyumba za barabarani kwa mtindo ule ule anaoueleza Mwenye eka: cha mbele kwanza, kisha cha nyuma, kisha cha nyuma yake.

Swali langu kwa Maalim msaveya: Pemba ni vilima na mabonde. Barabara yetu inafuata mgongo wa kilima na pande zote mbili ardhi inateremka mpaka kwenye mpunga au kwenye mikoko. Mraba wa mita 110 utausimamisha wapi? Au hesabu ile ni ya Unguja peke yake, ambako ardhi imelala?

#7 – Msaveya mstaafu

Swali zuri, kijana wangu. Kuungana si lazima kuwe kunyooka. Kwenye kilima, njia za magari zifuate ubavu, moja juu na nyingine chini yake, zikizunguka pamoja na kilima kwa mteremko mdogo. Kisha kila baada ya nyumba tano au sita pawe na njia ya miguu inayoteremka kutoka ya juu kwenda ya chini, hata kwa ngazi za mawe, na pembeni yake mtaro wa maji. Mtoto wa skuli na mama mwenye ndoo hawahitaji mita sita. Wanahitaji upenyo wa mita mbili ambao hakuna atakayeuziba. Bonde la mpunga liacheni lilivyo. Likijengwa, maji yatakuja kulidai.

Kwa Mwenye eka: umelisema vizuri zaidi yangu. Hesabu yangu ina sharti moja ambalo nililitaja kwa haraka mno, kwamba njia zikutane na za majirani. Eka zetu hazikupimwa zote kuwa miraba; nyingine ni ndefu, nyingine zinafuata mwembe au jabali. Kwa hiyo uamuzi wa njia itokee wapi hauwezi kuwa wa mwenye shamba mmoja. Unahitaji picha moja inayoonesha mashamba yote ya shehia, yaani eneo zima lililo chini ya sheha mmoja, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema: njia itatoka hapa, itapita pale. Picha zipo. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi, ikisaidiwa na vijana wa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani kupiga picha visiwa vyote viwili, na katika picha hizo unahesabu hata miti. Ramani ya shehia yenye njia za baadaye, iliyobandikwa ukutani ofisini kwa sheha, ingemzuia yule wa mipapai kwa sentensi moja.

#8 – Mkaazi wa Kinuni (mleta uzi)

Nawashukuru nyote, na zaidi Bibi wa Kikwajuni kwa kunisahihisha. Nimebadilisha fikra yangu kuhusu vikomo.

Baada ya kusoma aliyoyaandika Maalim, nilikwenda kutafuta kama jambo hili ni letu peke yetu. Si letu peke yetu. Watafiti wawili, Barrington-Leigh na Millard-Ball, waliichunguza Marekani katika kazi iliyochapishwa 2015, wakaona kwamba mitaa mipya ya huko iliendelea kutengana kwa miongo mingi, ikafika kilele mnamo 1994, kisha ikaanza kurudi kuungana. Mwaka 2020 wakachapisha uchunguzi wa dunia nzima, ambao unaonesha kwamba tangu 1975 sehemu kubwa ya dunia inajenga mitaa inayoungana kidogo kuliko ile ya zamani. Lililonishughulisha zaidi ni sababu wanayosisitiza: nyumba huvunjwa na kujengwa upya, lakini njia ikishakaa mahali hubaki humo kwa vizazi. Tunachokiamua Kinuni mwaka huu wataishi nacho wajukuu wa wajukuu zetu. Darajani hakuna daraja tena, hori la bahari lililokuwa chini yake limefukiwa, lakini watu bado wanapita pale pale.

Niliogopa nikadhani basi ni mkondo usiozuilika, mpaka nilipokuta habari za Villa El Salvador, nje ya Lima nchini Peru. Mwaka 1971 watu maskini kabisa, waliovamia ardhi wakahamishiwa jangwani, waligaiwa viwanja ndani ya mitaa ya mraba iliyochorwa mchangani kabla ya nyumba, kila kundi la nyumba likizunguka uwanja wake. Walianza na kuta za mikeka. Nyumba zilibadilika, zikawa za matofali, na njia zikabaki zilivyochorwa. Karibu nasi zaidi, miji minne ya Ethiopia, nayo ni Adama, Bahir Dar, Hawassa na Mekelle, ilianza katika muongo uliopita kuchora barabara kuu kwenye mashamba yaliyo pembezoni, zikiachana kama kilomita moja, kabla nyumba hazijafika. Hawakusubiri fedha za lami. Walishika nafasi kwanza. Nina yakini kwamba hilo ndilo jibu la swali langu la "lini" kwa maeneo ambayo bado ni mashamba, kama vile kuelekea Dimani na Bweleo, na kwa huko Chake pia: mambo mbili, yaani vigingi vya kuchomeka ardhini, na kamba, kabla ya karatasi ya kwanza ya mauziano.

Kwa sisi ambao tumeshajengeka, jibu ni gumu zaidi, na hapa nitasema tulichokifanya badala ya kutoa ushauri. Bara, Kimara ya Dar es Salaam kwa mfano, wakaazi wamekuwa wakikaa pamoja katika kazi ya urasimishaji, yaani kupimiwa na kutambuliwa kisheria makaazi yaliyokwisha kujengwa, kila mmoja akakubali kumega kidogo ili njia ipatikane. Nilimpelekea sheha wetu wazo hilo nikiwa na mchoro wa mkono. Baada ya sala ya Magharibi siku ya Ijumaa tulikaa watu wa nyumba tisa, zile zilizo baina ya kwa marehemu na msikiti. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume, na ni mmoja wao aliyelitatua jambo tulilolibishania muda mrefu. Wanaume tulikuwa tukitafuta njia ya gari, na njia ya gari ingevunja jiko la mtu na nusu ya choo cha mwengine. Yeye akauliza, "Jeneza linataka mita ngapi?" Tukapima lile la msikitini pamoja na wabebaji wa pande mbili. Mita mbili zinatosha, na kona ikikatwa kwa mshazari linapinda bila ya kuinuliwa. Mita mbili tunazo.

Nyumba saba zilikubali palepale, kila moja kwa kumega baina ya nusu mita na mita moja. Ya nane ilitaka ukuta wake ujengwe upya kwa gharama ya wote, na ni haki yake; tumechangishana matofali, na fundi ni mtoto wa mtaani. Ya tisa haijakubali. Mwenyewe anaishi Muscat, nyumba inakaliwa na mpangaji, na mazungumzo yanakwenda kwa simu. Hakukataa, amesema atazungumza na ndugu zake. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayegusa ukuta wake mpaka aseme mwenyewe, na kwamba mchoro utiwe saini na wote mbele ya sheha, kisha upelekwe manispaa uandikwe, yasije yakatupata yaliyompata Mwenye eka.

Mambo zimeshapigwa upande wa msikiti, zimefungwa vitambaa vyeupe zionekane usiku. Jana jioni nilikuta watoto wa chuo cha Kurani wameanza kupita humo wakiwa na juzuu zao, wanafika mpaka kwenye ukuta wa nyumba ya tisa, wanachungulia upande wa pili, kisha wanarudi.